Miti Mia Mbili ya Ripoti

Jumatatu, 6 Februari 1984
Habari mbaya kwa fonia, redio ya ofisi. Mkaguzi anatoka Kisangani, atafika hapa Bunia Ijumaa kuhesabu miti tuliyopanda juu ya chemchemi ili maji yasikauke. Ripoti ya Shefu, mkuu wetu wa kazi, inasema miti ya sipre mia mbili, zote zinaishi. Nimehesabu mwenyewe. Kumi na moja! Nyingine ziliuawa na jua, nyingine na mbuzi wa Mama Hortense, na kusema kweli nyingi sikuzipanda kamwe. Kilima ni kirefu. Shefu aliniambia kwa upole unaotisha: miti ikionekana, nitaandikwa mlinzi wa chemchemi na kupewa nyumba ya mlinzi. Isipoonekana, nirudi Butembo. Miaka miwili mke wangu Kanyere ananingoja kule aje kwenye nyumba. Nyumba ipi? Nalala depo, kati ya majembe.

Jumanne, 7
Nimepata akili! Nilikata matawi ya mikaratusi kando ya barabara, nikayachomeka kwa mistari. Mia moja themanini na tisa. Kamate, mwenzangu wa kazi, alikaa juu ya karai akila muhogo, akauliza kama kesho nitachomeka na mvua. Wivu.

Jumatano, 8
Kufika saa sita yote yamelegea kama sombe, majani ya muhogo, sufuriani. Nikamwagilia. Bidoni arobaini za lita ishirini! Chemchemi ikawa tope, na wanawake walikuwa kwenye mstari tangu alfajiri. Mama Hortense, aliyechota pale kabla mimi sijajua Bunia iko wapi, alipaza sauti: "Weye Katsuva, unanywesha vijiti, siye tutakunywa nini?" Nikajibu hii ni kazi ya Serikali. Akasema basi Serikali ije ifue nepi za wajukuu wake. Walicheka mpaka bidoni zikaanguka. Hakuna heshima.

Alhamisi, 9
Akili kubwa zaidi. Tawi la sipre halinyauki upesi. Na sipre nzuri kuliko zote iko wapi? Kwa Shefu! Ua wote unaozunguka parsele yake, kiwanja cha nyumba, ni sipre. Yeye alikuwa ofisini, mke wake Mama Régine sokoni. Nilijiuliza: ripoti ni ya nani? Ya Shefu. Basi miti itoke kwa Shefu. Nilikata, nikabeba, nikang'oa mikaratusi, nikachomeka. Mgongo umekufa. Lakini mistari! Kama watoto wa shule mbele ya bendera!

Ijumaa, 10
Mkaguzi ni mfupi, abakosi safi, suti ya Serikali isiyo na tai, kalamu mbili. Alihesabu mpaka mia mbili, akaandika. Shefu alinitazama kama mwanawe. Nilikwisha kumwona Kanyere akianika nguo mlangoni petu.

Ndipo Mama Régine akatokea, mikono kichwani, akilia kwamba mwizi amenyoa ua wake wote, ng'ombe za watu ziko barazani! Akaona mistari yangu. Akang'oa mti mmoja, akaunusa, akamgeukia Shefu. "Baba, hii si ua wetu?"

Mkaguzi akang'oa wa pili, akauliza mizizi iko wapi. Nikasema iko njiani. Hakucheka. Akawauliza wanawake bidoni inajaa kwa muda gani. Mama Hortense akasema zamani, ukisali Baba Yetu kumi imejaa. Sasa rozari nzima, na litania. Akaandika hilo pia. Kisha akamwambia Shefu: Citoyen, mwananchi, sahihi ni yako, mia mbili ni zako, sirudi Kisangani mpaka zisimame na mizizi yake.

Jumamosi, 11
Salongo, kazi ya lazima kwa wote. Safari hii kweli wote. Shefu alichimba na abakosi yake, ameshika jembe kama kijiko cha supu. Mkaguzi alikaa juu ya bidoni, akihesabu mashimo. Saa kumi: miche mia mbili, hai. Na mlinzi ni nani? Mama Hortense! Mkaguzi amempa yeye nyumba! Sharti moja tu, afunge mbuzi wake. Mimi sikufukuzwa. Mama Hortense alisema anahitaji mtu wa kumwagilia.

Jumapili, 12
Mama Hortense ameniambia mlangoni mwa kanisa: kila mti, kopo moja asubuhi na moja jioni. Mara mia mbili! Mkaguzi atarudi Juni. Juni ni mbali, kilima kiko palepale. Wakati wa mahubiri nilitazama vizuri dirishani. Ua wa misioni ni sipre, mnene, na mapadri hawauhesabu.

Nimemwandikia Kanyere afunge mizigo, nyumba iko karibu. Panga nimelinoa.