Tuta Mbele ya Nyumba Yangu

Jumatatu, 4 Mei 1998

Nimechaguliwa mwenyekiti wa Kamati ya Utulivu wa Mtaa. Kura tatu kwa mbili. Moja ni ya Cuca, mke wangu, aliyenyoosha mkono kuomba chumvi. Kura ni kura!

Kazi ya kwanza: magari ya Jumapili. Kuanzia saa tisa alasiri, nusu ya Los Angeles inakuja kuzungusha magari ya kizamani barabarani kwetu. Yameshushwa chini karibu yaguse lami, yanakwenda mwendo wa kobe, muziki juu. Hawaendi popote! Wakifika kanisani wanageuza, wanarudi tena. Jana Eleuterio kapita mara saba na Impala yake ya bluu. Nilihesabu nyuma ya pazia.

Eleuterio ni kompadre wangu, ndiye aliyemsimamia binti yetu Maricruz ubatizo. Gari lile tulilijenga pamoja mwaka 1979, yeye injini, mimi viti. Viti vyeupe, nimevishona kwa mkono, mishono ya umbo la almasi, almasi baada ya almasi. Miaka kumi na moja iliyopita linapita, nachungulia, viti vyekundu! Kaving'oa bila hata kuniuliza. Tangu siku hiyo hatusemezani, na mlango wake uko hatua arobaini kutoka kwangu.

Cuca anasema kisukari kimeanza kula macho ya Eleuterio. Daktari kamwambia usukani mwisho mwezi huu. Anahamia Fresno kwa mwanawe, na Jumapili ya tarehe 17 ndiyo mizunguko yake ya mwisho. Cuca kaniambia, "Baba Maricruz, nenda mkapatane, hizo hatua arobaini hazitakuua." Nikamwambia aje yeye. Kifua kiliniuma kidogo. Nadhani ni maharage.

Jumatano, 6 Mei

Nimeomba tuta ofisi ya barabara. Karani akasema nisubiri miaka miwili. Miwili! Lakini kona ya pili kuna mafundi wanaziba mashimo. Nimewapelekea tamale ishirini za Cuca, zile za unga wa mahindi na nyama ndani ya maganda, nimerudi na ndoo tatu za lami. Tuta limekamilika mchana huu, mbele ya dirisha langu kabisa. Mbili na nusu zimetosha, nusu nimeiweka akiba. Gari lililoshuka vile litakwaruza tumbo na kurudi kwao. Akili ya mwenyekiti!

Cuca anauliza tamale zake ziko wapi. Nimesema paka.

Jumapili, 10 Mei. Siku ya Mama

Aibu. Aibu tupu.

Nilisahau pampu za kuinulia magari. Sijui nilisahauje, mimi niliyeshikilia tochi Eleuterio akifunga za kwake! Gari la kwanza likafika kwenye tuta, dereva akabonyeza swichi, gari likainuka, likavuka, likashuka taratibu. Watu wakapiga makofi. La pili likaruka kabisa na bibi wa watu kiti cha mbele, kashika maua yake, anacheka mpaka machozi. Kufika saa kumi barabara ya kanisani ilikuwa tupu, wote wamehamia kwenye tuta langu. Muuza mahindi akaegesha toroli uani kwangu. Jirani kanipigia kelele, "Ahsante kwa jukwaa, mwenyekiti!"

Kisha Impala ya bluu. Eleuterio akasimama mlangoni, akamwambia Cuca kwamba mama wa mtoto wake wa ubatizo hawezi kukaa ndani siku ya leo. Cuca akavua aproni, akapanda, bila hata kugeuka! Walizunguka saa mbili nzima. Mimi nilikula wali wa baridi.

Aliporudi nikamuuliza, kana kwamba sijali, viti vikoje. Akasema nenda kaone mwenyewe.

Alhamisi, 14 Mei

Sheria ipo! Anayepita kituo kimoja mara mbili ndani ya saa mbili anahesabika mzururaji wa gari, anaandikiwa faini na gari linaondoshwa barabarani. Afisa Dunlavy wa polisi kakubali kusimika bango kwenye kona yetu. Mimi nitaandika namba za magari, yeye atayasimamisha.

Leo alilijaribu bango. Wa kwanza kukamatwa ni mimi. Nilikuwa natafuta pa kuegesha! Nikamwambia mimi ni mwenyekiti. Akaniuliza mwenyekiti huandikwa kwa herufi kubwa?

Jumapili, 17 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa tisa na dakika kumi Impala ikatokea, taratibu, imeng'arishwa. Ikasimama mbele yangu. Eleuterio akapiga honi mara mbili, kama tulivyokuwa tukiitana zamani. Pembeni yake hapakuwa na mtu. Nikajifanya naandika. Akangoja, mpaka magari ya nyuma yakaanza kulalamika. Akaondoka.

Niliandika kweli. Namba yake, na saa.

Akageuza kanisani akarudi kunichukua. Mara ya pili. Dunlavy akachungulia daftari langu, akamsimamisha, akamwambia ashuke. Mlango ukafunguka na ndani nikaona vyeupe. Viti vyangu! Ile almasi ya kushoto niliyoipinda mwaka 1979, imepinda vilevile. Vyekundu vilikuwa vifuniko tu, avitunze visichafuke. Miaka kumi na moja! Leo alikuwa amevivua.

Eleuterio akanitazama, akalitazama daftari. Akasema, "Bado una mwandiko mbaya, kompadre." Akampa ufunguo mwanawe, aliyekuwa akitazama kando ya barabara, akaenda nyumbani kwa miguu, mkono ukipapasa ukuta. Mizunguko yake ya mwisho ilikuwa mmoja na nusu, na aliyeukata ni mimi. Nimelia bafuni, bomba nikilifungua Cuca asisikie. Kasikia.

Jumanne, 19 Mei

Nimejiuzulu kamati. Hakuna aliyepinga.

Nimekuwa mjinga, nimekuwa na roho ndogo, naandika hapa kwa wino. Ujanja basi. Namwomba Mungu anisamehe, na Eleuterio pia, kabla hajaondoka Jumamosi. Cuca kafungua mlango wa mbele, kaniambia hatua arobaini, mzee, nenda sasa hivi. Nikafika ngazini. Nikarudi. Mtu huwezi kumvamia tu mtu mlangoni na kumwambia nisamehe. Lazima kwanza yeye awe na neno na mimi.

Na nimepata njia! Lori la kumhamisha linakuja Jumamosi asubuhi, na malori yale hayana pampu. Tuta moja, refu kwenda juu, mbele ya geti lake. Lori litashindwa kutoka, Eleuterio atalazimika kuja kuniomba niliondoe, na hapo hapo, kwa heshima zote, nitamwomba msamaha.

Nusu ndoo ya lami bado ninayo. Haitoshi. Namwambia Cuca apike tamale.