Kengele ya Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeanza likizo. Sitaiona stoo ya kiwanda cha mabati mpaka Jumanne ya wiki ijayo. Kazi yangu wiki hii ni moja tu: kengele ya mama mkwe isikike.

Naandika maelezo kamili, ili nikiisoma shajara hii uzeeni nisijishangae. Mama mkwe anaishi chumba cha uani, ng'ambo ya ua. Wiki iliyopita aliteleza, akakaa sakafuni, akaita mpaka sauti ikamkauka. Sisi tulikuwa sebuleni na televisheni. Hakuumia. Ila mke wangu hajacheka tangu siku ile, na kaka yake amepata alichokuwa akikitafuta.

Huyu shemeji yangu ana duka la vifaa vya ujenzi, lakini zamani alichezesha mechi za mtaani na mpaka leo watu wote humwita Refa. Huongea kama mtu anayetoa kadi. Ametangaza kwamba Jumapili atakuja na pikapu yake kumchukua mama, akaishi kwake, ghorofa ya nne.

Ghorofa ya nne hakuna vifaranga. Mama mkwe ana vifaranga vyake katika banda dogo katikati ya ua. Tulipomuuliza anataka nini, alisema yeye ni mzigo, na mzigo hauulizwi unapelekwa wapi. Kisha akaenda kuvipa maji vifaranga, akakaa hukohuko mpaka tukaenda kumwita.

Mke wangu ametoa uamuzi. Jumapili, mbele ya Refa, mama atabonyeza kitufe akiwa chumbani kwake. Kengele ikilia sebuleni, anabaki. Isipolia, anaondoka.

Vifaa ninavyo. Kitufe cha betri cha kubandika kando ya kitanda. Kengele ya sebuleni. Kiboksi kikuu kinachoviunganisha kwa mtandao wa redio uitwao Zigbee. Nimebonyeza nikiwa sebuleni: inalia vizuri sana. Jikoni: inalia. Uani: kimya.

Kwa hiyo tatizo ni dogo, ni umbali tu. Kesho nitakuwa nimemaliza.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimefikiri kisayansi. Taa ya gari huangaza mbali kwa sababu nyuma yake kuna kitu cha kung'aa kinachosukuma mwanga mbele. Redio nayo ni hivyohivyo. Nikachukua sufuria kubwa kuliko zote, nikailaza juu ya kabati la televisheni, mdomo ukiangalia uani, na kiboksi nikakiweka ndani.

Sasa hata jikoni haisikiki.

Mke wangu alikuwa anatafuta sufuria. Alipoiona aliuliza kama siku hizi tunapikia kwenye taarifa ya habari. Mama mkwe alipopita aliipa sufuria shikamoo.

Mchana Refa alipita kumletea mama zawadi, imefungwa kwa karatasi ya maua. Filimbi. Ileile aliyochezeshea mechi. Akasema haina betri, haina mtandao, haina nenosiri. Mama mkwe akaijaribu. Mbwa wa jirani alipanda ukutani. Refa akanigeukia, akaniuliza shemeji umesikia? Nikamwambia nimesikia kwa mbali.

Sufuria nimeirudisha. Wazo halikuwa baya. Sufuria ndiyo haikuwa na umbo sahihi.

Jumatano, 9 Oktoba

Mpango mpya, na huu una mantiki ya mafundi ujenzi. Matofali hayarushwi kutoka lori mpaka ukutani. Watu hujipanga mstari, wakapokezana. Nami ninavyo vifaa vinne vya kuhisi mlango, vya betri, nilivyovinunua kwa pamoja kwa sababu vilikuwa rahisi. Nimevifunga katika mifuko ya plastiki na kuvibana kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, kutoka mlango wa jikoni hadi dirisha la mama mkwe. Kimoja kilikaa kati ya mashuka, kingine kati ya soksi zangu.

Kimya.

Nikasogeza soksi. Kimya.

Mke wangu aliniuliza kwa upole, na upole wake huwa mbaya kuliko kelele, kama vifaa hivi vilikuja na karatasi ya maelekezo. Nilisema vilikuja nayo. Akauliza iko wapi. Ilikuwa chini ya mguu wa meza, meza ilikuwa inacheza.

Nimeisoma. Vifaa vya betri hulala ili kutunza nguvu, na havipokezani ujumbe. Vinavyopokezana ni vile tu vilivyochomekwa kwenye umeme, kama balbu na plagi za mtandao huohuo. Kwa hiyo siku nzima nilikuwa nimepanga mstari wa vibarua waliolala.

Imeandikwa pia kwamba kiboksi kisikae karibu na ruta ya intaneti, na kwamba redio haipiti vizuri kwenye bati. Ukuta wa bati kati ya jikoni na ua niliujenga mimi, mwaka jana, kwa bei ya mfanyakazi. Karatasi haikuuliza nani kaujenga, nami sikuona haja ya kulileta jambo hilo nyumbani.

Kesho asubuhi nanunua plagi moja ya namna hiyo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Inalia!

Plagi nimeichomeka kwenye soketi ya baraza ya nyuma, nje ya ukuta wa bati. Kitufe kinaongea na plagi, plagi inaongea na kiboksi, kiboksi kinaiamsha kengele. Kazi ya chumbani aliifanya mke wangu. Mimi siwezi kuingia chumbani kwa mama mkwe. Mkwe ni mkwe. Nilisimama nje ya dirisha, uso nimeuelekeza ukutani, nikawa natoa maagizo. Kushoto kidogo. Juu. Mama mkwe, kwa ndani, alimwambia binti yake kwamba anasikia ukuta unaongea, na kwamba una sauti kama ya mkwewe.

Tulijaribu asubuhi, ikalia. Tulijaribu mchana, ikalia. Mke wangu akasema ahsante. Nilijifanya sikusikia ili aseme tena. Hakusema tena.

Jioni alijaribu kwa mara ya mwisho. Kimya kama kaburi.

Nimekagua kila kitu. Betri nzima. Kiboksi kizima. Jambo moja tu halijakaa sawa: alasiri Refa alikuwa hapa na futi kamba, anapima kitanda cha mama kama kitaenea kwenye pikapu. Alipita barazani mara mbili. Sisemi kitu. Naandika tu kwamba alipita.

Ijumaa, 11 Oktoba

Asubuhi kengele ikafufuka yenyewe. Nikaamua kumnasa mhalifu. Jua lilipoanza kuzama nilijificha nyuma ya mashuka kwenye kamba na kungoja nyayo za Refa.

Zikaja nyayo za kandambili.

Mama mkwe alikuwa katika zamu yake ya jioni. Sikujua kama ana zamu. Alitoka jikoni, alikokwisha kuzima soketi ya birika. Akazima ya pasi. Akazima ya chaja ya simu yangu, na sasa naelewa kwa nini simu huamka na njaa. Akafika barazani. Akaitazama plagi yangu mpya, akaipapasa, akasema pole, umechoka, na akaizima. Kisha akavuka ua, akaingia chumbani kwa kitufe chake kisichoongea na mtu. Na kila asubuhi mke wangu akiamka huziwasha zote tena, akidhani mimi ndiye ninayezima.

Refa hana hatia katika hili. Imeniuma kuandika sentensi hiyo.

Sasa mtu anamwambiaje mama mkwe? Nilibandika karatasi juu ya soketi: TAFADHALI USIZIME. Alirudi kuchukua miwani, akaiona. Soketi ilikuwa tayari imezimwa. Akaisoma yote, akamsifia binti yake jinsi mumewe anavyoandika herufi nzuri. Mke wangu akamweleza, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Mama akakubali kabisa. Akasema mtu atakayeizima hiyo atapambana na yeye. Tukaiwasha mbele yake. Alipokuwa anaondoka, mkono wake ukapita ukutani wenyewe, ukaizima.

Ni mkono wa miaka mingi. Zamani, katika nyumba aliyopanga, soketi iliwahi kufuka moshi. Huwezi kubishana na mkono kama huo.

Imebaki kesho. Nina matumaini makubwa, ingawa bado sijajua ya nini.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimepata! Nilikuwa nanyoa ndevu, upande mmoja bado una povu, nikatoka hivyohivyo.

Swali halikuwa namna ya kumzuia mama mkwe asizime. Swali lilikuwa: kuna kitu gani katika nyumba hii ambacho mama mkwe hawezi kukizima hata umshikie fimbo?

Taa ya vifaranga.

Taa ile ya kuvipa joto huwaka usiku na mchana. Umeme ukikatika, mama mkwe huvikumbatia vifaranga katika kanga mpaka urudi. Na banda liko katikati ya ua, kama vile aliyelijenga alisomea Zigbee. Aliyelijenga ni mama mkwe.

Plagi nimeihamishia kwenye soketi ya banda, na taa nikaichomeka kwenye tundu la plagi hiyo. Mke wangu akaunganisha kitufe upya. Asubuhi, inalia. Mchana, inalia. Jioni mama mkwe akapita katika zamu yake, akazima kila kilichokuwa hai, akafika bandani, akachungulia, akavitakia vifaranga usiku mwema na kuendelea na safari. Mke wangu akabonyeza. Ikalia!

Mke wangu amecheka. Amecheka hasa, mpaka akashika mlango. Alisema mama atalindwa na vifaranga. Nilimwambia hiyo ndiyo teknolojia ya kisasa.

Baada ya chakula nilipanga kabati la televisheni vizuri kwa ajili ya mgeni. Kiboksi kilikuwa pembeni kabisa, dirishani, kama mtoto aliyeadhibiwa. Nimekisogeza katikati, bega kwa bega na ruta ya intaneti, taa mbili za kijani sambamba. Inapendeza mno, kama meza ya mkutano. Najua karatasi inasema vitenganishwe, lakini aliyeiandika hajaiona sebule yangu. Sijajaribu tena. Kitu kikishafanya kazi hakina haja ya kusumbuliwa.

Jumapili, 13 Oktoba

Refa alifika na pikapu, na kamba za kufungia kitanda, na saa mkononi. Begi la mama lilikuwa tayari mlangoni. Mama mkwe alivaa kama mtu anayekwenda kupigwa picha, hakutazama banda hata kidogo. Akaenda chumbani kwake, tukabaki watatu sebuleni.

Tukangoja.

Kengele haikulia.

Nilisema labda bado anafungua mlango. Refa akatazama saa. Nikasema labda anatafuta miwani. Refa akasema ataongeza dakika za majeruhi, kwa sababu mimi ni shemeji yake. Mke wangu alikuwa anaitazama kengele namna ambayo sitaki kuiona tena. Refa akasimama, akalibeba begi, akalipakia garini. Nilisikia mlango wa nyuma wa pikapu ukifunguka.

Mke wangu aliinuka kuleta chai, nadhani ili mikono yake ipate kazi. Akarudi na sinia, meza imejaa kamba za Refa, akaliweka juu ya kabati na kukisukuma kiboksi kwa kiwiko mpaka dirishani.

Kengele ikalia.

Ikalia tena. Ikawa hailii kwa vipindi, inalia mfululizo. Mke wangu akamwaga chai na kutoka mbio, akidhani mama ameanguka. Nami nikakimbia, nikasimama nje ya dirisha, uso ukutani.

Mama mkwe hakuwa ameanguka. Alikuwa amekaa kitandani na viatu vyake, anabonyeza. Mke wangu anasema dole gumba lilikuwa jekundu. Alikuwa anabonyeza tangu alipofunga mlango, bila kupumzika. Aliuliza kama ni lazima aache. Halafu akamwagiza binti yake amwambie Refa alishushe lile begi, na alishushe polepole, ndani kuna chombo cha kunyweshea vifaranga.

Refa alikubali matokeo. Alisema goli ni goli, ingawa yeye aliona kama lilikuwa la kuotea. Alikunywa chai iliyobaki, akamwachia mama filimbi kwa akiba, akaenda na kamba zake.

Mke wangu anadai kengele ililia kwa sababu alikisogeza kiboksi kutoka kwa ruta. Nimemwambia ni sadfa. Mtandao ulikuwa unajikusanya. Aliweka mkono begani pangu, akauacha hapo. Sikubishana zaidi. Jumapili njema.

Jumatatu, 14 Oktoba

Likizo imebaki leo tu, na mkono umezoea kazi.

Mama mkwe ameshika kengele barabara. Amepiga kuomba chai. Amepiga kutuarifu kwamba redioni wanasema mvua itanyesha. Amepiga kuuliza kama imesikika. Mke wangu anakwenda na kurudi, anaimba.

Kiboksi nimekirudisha pale katikati, karibu na ruta. Dirishani kilikuwa kinaonekana vibaya.

Sasa nimegundua upungufu mwingine. Geti. Mgeni anaweza kugonga mpaka akachoka. Nikiweka kitufe changu cha akiba getini, ujumbe ukapokewa hapahapa ukutani na kurushwa sebuleni, nyumba hii haitakuwa na mfano mtaani, na Refa atatafuta neno la kusema. Kinachohitajika ni plagi moja. Duka leo limefungwa. Nimeiazima kidogo ile ya bandani. Taa ya vifaranga nimeichomeka moja kwa moja ukutani, vina joto lao kama kawaida, hakuna kilichopungukiwa.

Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya geti. Kitufe kiko tayari. Jioni ni tulivu, mambo yanakwenda vizuri sana.

Kuna mtu anapiga filimbi huko nyuma. Ni watoto wa jirani, bila shaka, wanacheza mpira. Wana pumzi kwelikweli. Ingefaa mtu mzima awaendee akawaulize kama hawana wazazi.