Kiuno cha Bibi Harusi Kimo Ndani ya Seva

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu, koma! Mbele ya wateja unaniambia nabonyeza kompyuta kama nakanda unga? Mimi niliyekufundisha kushika sindano!

Nimepanga. Seva, kile kisanduku cheusi chini ya meza ya kukatia, ndiyo kumbukumbu ya duka letu la ushonaji. Vipimo, michoro, vyote vimo. Mjukuu wangu, fundi wa kompyuta, alinieleza: kila saa kinapiga picha ya mafaili yote. Ukiharibu, unafungua picha ya nyuma, unachukua chako. Basi nimefuta michoro ya mdogo wangu. Kesho atalia, nami nitaiokoa watu wakiona. Atanipigia magoti!

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Nimefuta na vipimo vya wateja! Na gauni la Jumamosi je? Bibi harusi yuko safarini, anafika asubuhi ya harusi yenyewe. Mdogo wangu anasema tumpigie simu ajipime. Tumwambie nini, tumempotezea kiuno? Nimekataa.

Nimeziendea zile picha. Tarehe zipo, zimejipanga vizuri. Nikifungua, patupu. Nimezima, nimewasha. Nimekipiga kisanduku kofi. Patupu!

Jumatano, 5 Machi

Mjukuu amekuja. Jamani, mtoto yule! Hakupiga kitu, hakupandisha sauti. Kakaa sakafuni, kompyuta yake mapajani, anakiuliza kisanduku maswali nacho kinamjibu. Kumbe kina daftari lake, kinaandika kila kinapokatiwa umeme. Mara kumi na moja! Kila siku saa tatu asubuhi. Akauliza nani. Nikasema umeme wa mtaa huu haufai. Mdogo wangu akasema ni dada, huchomoa kisanduku achomeke pasi. Msaliti!

Picha zilikuwa salama. Kuchomoa ghafla ndiko kulikokwamisha mlango wa kuzifikia. Mwingine angeuvunja. Yeye kachukua picha ya Jumatatu, saa mbili asubuhi, kabla sijafuta. Kaifungua pembeni, ya kusoma tu, kanakili humo taratibu. Kiuno hiki hapa: inchi ishirini na tisa! Nimepiga vigelegele mpaka muuza duka jirani kachungulia. Damu yangu hiyo.

Ila daftari lile linaandika pia nani kafuta nini. Jina langu lilikuwa pale, na saa yake. Mdogo wangu kalisoma mara mbili. Akaniambia, dada, kama ulitaka nikushukuru, si ungesema tu? Kisha akaenda kukata kitambaa. Mkono wake mwepesi kuliko wangu. Sitamwambia.

Mjukuu kabandika karatasi kwenye plagi: BIBI, USICHOMOE.

Jumamosi, 8 Machi

Gauni limemkaa bibi harusi kama alizaliwa nalo! Mshono wa mdogo wangu hauonekani hata kwa miwani. Kazi hiyo! Imebaki shela, ina mikunjo, na gari linapiga honi mlangoni. Tundu la umeme ni moja. Karatasi nimeisoma, nimeielewa. Lakini ni dakika mbili tu. Na picha si zipo? Na mjukuu si ninaye?

Mdogo wangu, acha kunikodolea macho. Chomoa kisanduku, lete pasi.