Jinsi Albamu ya Wifi Ilivyosikilizwa Hadi Mwisho

Sogeeni, enyi mliojaliwa masikio mawili mkatumia moja. Tulieni, enyi mama mnaonyonyesha huku mkikoroga uji, nanyi akina baba mnaojifanya mmelala! Nasimulia vita vilivyopiganwa sebuleni kwetu, alasiri ya Jumapili, baina ya albamu moja na ukoo mzima, nami niliviona kwa macho yangu haya, mwanangu akiwa mapajani.

Shujaa wa vita hivyo ni wifi yangu, dada wa mume wangu, Malkia wa Vishindo, Mtekaji wa Kelele, yule aliyejifungia ndani ya kabati la nguo miezi na miezi, makoti yakimfuta jasho, akirekodi nyimbo za pop ambazo pop yenyewe ikikutana nazo njiani itavuka barabara. Humo aliukamata mlio wa bawaba, akaufanya ngoma. Humo aliiteka kwikwi ya mwanangu, akaipunguza mwendo hata ikanguruma kama simba mwenye usingizi. Na juu ya hayo yote akaimba, kwa sauti ya mtu anayenong'oneza siri ndani ya ndoo. Tena nyimbo zote alizishona pamoja bila pengo, mwisho wa huu ukiwa ndio mwanzo wa ule, kwa sababu, alisema, pumzi haikatwi vipande.

Albamu ikatoka, na dunia ikaipokea. Mtangazaji wa redio akajibu, "Faili limeharibika, tuma tena." Akatuma tena. "Bado limeharibika." Shangazi yake akaandika, "Pole mwanangu, simu imeingia maji?" Na huko mtandaoni ilionekana wazi kwamba hakuna kiumbe aliyeuvuka wimbo wa kwanza akiwa hai.

Ndipo Malkia alipotujia, spika kwapani, akasimama katikati ya zulia, akanena:

"Enyi watu wa damu yangu! Sitaki sifa, wala makofi siyataki. Nataka mtu mmoja tu aisikilize yote, mwanzo hadi mwisho. Asipopatikana leo, maikrofoni nauza, na kesho asubuhi narudi kupokea simu kwenye ile kampuni ya bima niliyoiacha; wananingoja."

"Si nipo mimi, wifi?" nikasema.

"Wewe huhesabiwi. Kwikwi ni ya mwanao, una upendeleo."

Moyo ukanishuka. Nilitamani mno ashinde, kwani jioni zote nilizokwenda kusoma, ni yeye aliyembembeleza mwanangu, tena kwa nyimbo hizo hizo, na mtoto akacheka.

Basi spika ikawashwa, na vita vikaanza.

Wa kwanza kuanguka alikuwa mama mkwe, Ngome ya Ukoo. Bawaba ililia mara moja tu, akaruka: "Yesalaa, maharage yangu yanaungua!" Akakimbilia jikoni. Maharage yalikuwa bado kwenye mfuko.

Akafuata jirani yetu msusi, aliyeitwa kama jeshi la akiba. Alipigana kiume, japo ni mwanamke, meno ameyauma. Mwisho akasimama, ameshika shavu. "Shoga, ni nzuri, Mungu anajua. Ila inanikumbusha jino." Akatoka.

Akabaki mume wangu, Simba wa Kochi, macho ameyafumba.

"Kaka, unakoroma," wifi akasema.

"Sikoromi. Naitikia kiitikio."

Kisha akaitikia kwa nguvu zaidi, mate yakimtoka, na ikawa dhahiri kwamba naye ameanguka vitani.

Malkia akaunyoosha mkono kuizima spika. Sitausahau mkono ule.

Na hapo hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mwenye nyumba, tunayepakana naye ukuta, mzee mrefu kama nguzo ya umeme, kofia mkononi, uso umekunjamana, amekuja kutukemea kwa kelele. Akafungua kinywa. Lakini ndani ya spika wifi alikuwa akiimba, na mzee yule, mtaa mzima unajua, hamkatizi mtu anayesema; hata redio huisubiri imalize taarifa ndipo aizime. Akafunga kinywa. Akangoja mwimbaji apumzike. Mwimbaji hakupumzika. Akafungua tena, kwikwi ikanguruma, akafunga. Akaegemea mguu wa kulia, akahamia wa kushoto, akitafuta mwanya wa kupitisha hasira yake, na mwanya haukuwepo, kwa maana umeshonwa.

Wifi akaurudisha mkono wake taratibu, kama mtu aliyeona ndege ametua dirishani.

Tukabana pumzi. Vishindo vikapita, minong'ono ikapita, hata kifuniko cha sufuria alichokirekodi kikazunguka sakafuni, kikazunguka, kikatulia. Albamu ikaisha.

"Shikamoo, mzee," wifi akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba." Akakohoa. "Tangu mlio wa kwanza nasikia yote ukutani kwangu, nikaja kuwaambia mpunguze sauti. Ila huyu binti wa humo ndani alikuwa na mengi moyoni, nikaona nimwache amalize."

"Ni mimi, mzee."

Akamtazama kuanzia ndala hadi kilemba.

"Sikuelewa hata kidogo," akanena. "Lakini sikuchoka."

Akavaa kofia yake, akaenda zake. Wifi akaketi sakafuni, akacheka huku analia, kisha akaitoa simu akawaandikia watu wa bima: Samahanini, kesho siji.

Basi wanahistoria wa vizazi vijavyo wanoe kalamu zao, na waandike kwa wino mzito ya kwamba siku ile, katika sebule ya kupanga, albamu ile ilisikilizwa yote, na mtu asiye ndugu, mwenye akili timamu, tena amesimama!