Damu Yangu Ilivyokataliwa na Mashine

Jumatatu, 7 Novemba 2022
Watafiti wamefika Isiolo. Wanataka mume na mke waliokaa nyumba moja wakati wa korona, mmoja akaugua sana, mwingine hata chafya hakupiga. Ni sisi hao! Mke wangu Dahabo alilazwa wiki tatu, na mpaka leo akibeba mtungi wa maji anahema. Mimi nilinenepa. Nesi wao, Kinanu, ameeleza kwamba watasoma protini za damu zetu na kuzilinganisha. Huenda wakajua kinachomkaba Dahabo pumzi. Dahabo akatabasamu. Sijaona tabasamu hilo mwaka mzima.

Jumanne, 8
Lochoro, dalali mwenzangu wa mifugo, amejiandikisha na mkewe. Anajigamba sokoni ati damu yake ni nzito. Thubutu! Protini ni nyama, hata mtoto wa shule anajua. Tumekatazwa kula kabla ya kupimwa. Hiyo ni ya watu wasio na mipango.

Jumatano, 9
Nimemtangulia Dahabo kuamka. Nyirinyiri bakuli zima, nyama kavu inaogelea kwenye samli. Nikashushia maziwa ya ngamia. Kabla ya kunitoa damu, Kinanu akauliza kama nimekula. Nikasema la, huku nimebana cheuo.

Alhamisi, 10
Aibu! Damu yangu ilipozungushwa mashineni ili maji yake yajitenge, yametoka meupe kama maziwa. Mafuta matupu! Mashine haisomi. Na bila yangu, damu ya Dahabo haina ya kulinganishwa nayo. Tumeondolewa wote wawili. Dahabo hakunifokea. Aliuliza tu kama nyama ilikuwa tamu. Nilijiona mjinga, na kweli nilikuwa mjinga.

Jumatatu, 14
Nimemwangukia Kinanu. Amekubali turudie, mradi Dahabo anichunge. Dahabo alifunga jikoni kwa kufuli. Damu imetoka safi. Njaa imenitoa machozi.

Ijumaa, 2 Desemba
Majibu! Protini zinazochochea kinga ya Dahabo bado hazijatulia, zinabweka kama mbwa ambaye mwizi wake alishaondoka zamani. Sasa daktari ana pa kuanzia. Dahabo amelia kwa furaha, nami nikalia. Kumbe hata mimi niliambukizwa korona, mwili ukaimaliza kimya kimya. Dahabo akauliza basi nani aliileta korona nyumbani, maana yeye hakuwa akitoka. Nikaangalia dari.

Lakini damu iliyoshinda korona! Kesho nitasalimiana na soko zima, mkono kwa mkono, kinga yangu iwaambukize. Lochoro nitampa mwisho, kama itabaki. Koo linaniwasha tangu asubuhi, na mwili una joto kidogo. Si kitu.