Ndia ya Forodhani

Nimeaibika leo, wenzangu, na aibu yenyewe nimeifuata kwa miguu yangu. Sogeeni hapa mkekani niwaeleze mwenyewe, maana kabla ya magharibi habari itakuwa imeshavuka daraja la wikio na kuingia nyumba zenu zote, tena imetiwa chumvi.

Mnajua eda yangu imekwisha. Mnajua pia kwamba kakangu Athumani ameshanipatia mume mwingine, mzee wa Siu mwenye mali na kikohozi. (Mali sijaiona. Kikohozi nimekisikia kutoka ghorofani.) Asubuhi kakangu amepanda juu kutaka jibu, kwa sababu mjane lazima aseme kwa mdomo wake, haozwi kwa kunyamaza kama mwari. Nikamwambia sitaki. Sitaki mzee, sitaki hina, sitaki kukaa tena ndani ya kuta hizi nikingoja kuletewa sinia. Nakwenda Mbwajumali, kule Pate, kwa Saada, nikalime.

Saada ndiye aliyenilea. Alikuwa mtumwa wetu, tusizungukezunguke. Serikali ilipowaachia watumwa, alijifunga kanga kiunoni, akatoka bila kuaga, akaenda zake Pate kulima mtama wake mwenyewe. Mwezi uliopita alikuja kunipa pole ya msiba. Mikono imemkauka, miguu imepasuka, na uso unang'aa. Akaniambia, "Zena, siku hizi nakula nilichopanda." Hakuniita Bibi. Wallahi nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda.

Tukaahidiana. Leo maji yakijaa atakuwa forodhani na mashua ya Mtangawanda. Kuja kunichukua mlangoni hawezi, kakangu ameapa kumvunja miguu akimwona hapa. Kwa hiyo nifike mwenyewe.

Kakangu alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atapiga kelele, nami nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Akasema tu, "Nenda. Mlango haujafungwa." Akashuka zake chini taratibu. Wakati ule sikuelewa kwa nini anatabasamu.

Nikafunga mzigo wangu. Mto wa kulalia, sanduku la tambuu, chupa ya marashi. (Ndiyo. Mtu anakwenda kulima, kabeba marashi.) Nikajitanda buibui, nikavaa mitawanda yangu ya mti, nikatoka kwa mlango wa mbele mchana kweupe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana balaa inaanzia hapa. Mimi nimezaliwa katika nyumba hii. Babangu alinipa siku ya harusi yangu, na mume akaja kukaa humu humu, sikuhama hata chumba. Mchana nikija kwenu napita juu, kwenye wikio linalounganisha maghorofa yetu. Usiku, enzi za watumwa, nilikuwa nikitoka ndani ya shiraa, hema la kitambaa linalotembea, watumwa wameshika miti, nami nimo ndani nimeinamisha kichwa natazama visigino vya aliye mbele. Aliye mbele alikuwa Saada. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama naujua mji wa Amu, mimi naujua: navijua visigino vya Saada.

Nikashika upande niliodhani una harufu ya bahari. Wenzangu, Amu yote ina harufu ya bahari! Na pasipo na bahari pana punda. Mitawanda inagonga mawe ko, ko, ko, wanaume wanajibanza ukutani kunipisha na kugeuza nyuso, mimi nasikia haya mpaka masikioni. Nikaivua nikaibeba. Hatua chache mbele nikakanyaga kinyesi cha punda, kingali moto. Nikajiambia, haya, ndiyo maisha ya shamba yameanza.

Kichochoro kikaingia kichochoro. Ukuta mrefu, mlango, ukuta mrefu, mlango. Nilikata kona, nikakata nyingine, nikakutana na punda yule yule. Mwanamke mmoja mwenye mtungi wa maji kichwani akasimama, akaniuliza kwa upole kama nimepotea. Nikamjibu kwamba napunga upepo. (Upepo gani, katika kichochoro ambacho mtu akinyoosha mikono anagusa kuta mbili?) Binti wa nyumba kubwa, niulize ndia katika mji wa babangu? Kiburi kilikuwa hakijanitoka bado, nikamwacha akaenda zake.

Nikazunguka mpaka nyayo zikawaka moto. Halafu adhana ya adhuhuri ikasikika juu ya mapaa. Nikajua maji yameanza kutoka, na mashua ya Mtangawanda haisubiri mtu maji yakitoka, itakwama mchangani. Nililia, sifichi. Nililia nimesimama, mto kwapani, mitawanda mkononi.

Basi nikaamua kuuliza. Yeyote yule. Lakini nijifanye mgeni, ili aibu isiwe na mwenyewe. Nikaona mlango mkubwa wa nakshi uko wazi, na barazani pake, kwenye daka, wamekaa wanaume. Macho yangu yakaenda chini yenyewe, kama yalivyozoea, nikawa naona viatu vyao tu. Nikabadilisha sauti, nikasema mimi ni mtu wa bara, natoka Mokowe, nimepotea. Nikaomba maji ya kunywa. Nikaomba nionyeshwe ndia ya forodhani. Na ili nionekane mgeni kweli kweli, nikauliza: "Na hii ni nyumba ya nani, nipate kumwombea dua?"

Mtu mmoja akakohoa.

Kikohozi kile nilikuwa nakijua.

"Ni nyumba yako, Zena," kakangu akasema.

Nikainua macho. Mlango ule, wenzangu, ni mzuri. Una maua yamechongwa juu mpaka chini. Miaka yangu yote sikuwahi kuutazama kwa nje, na asubuhi nilipotoka sikugeuka nyuma kwa sababu nilidhani kugeuka ni woga.

Walicheka. Msidhani walicheka kidogo. Mmoja alianguka kutoka kwenye daka. Kakangu akanipokea mzigo ili aniingize ndani, fundo likafunguka, mto ukaangukia miguuni pa yule mzee wa Siu na chupa ya marashi ikavunjika hapo hapo. Hata sasa pale chini pananukia harusi.

Mzee peke yake hakucheka. Aliuokota mto, akaukung'uta vumbi, akawaambia wenzake wamche Mungu. Kisha akamwambia kakangu, mimi nikisikia, "Usimgombeze. Kwangu hatahitaji kujua ndia yoyote."

Alisema kwa huruma, na alikuwa na nia njema kabisa. Hapo ndipo nilipowageuzia mgongo. Nilipanda ngazi nikishika ukuta.

Mchukuzi wetu wa maji amekuja kunieleza kwamba mwanamke wa Pate alikaa ngazini forodhani tangu asubuhi, akigeuka kila akisikia mitawanda. Mabaharia wakamfokea, akapanda mashua. Ameacha neno kwamba kesho maji yakijaa atakuja tena, na asiponiona hatarudi, ana mtama wa kuvuna.

Baada ya isha kakangu anapanda kuchukua jibu langu. Mzee anangoja chini. Wote wawili wana hakika kwamba nimeshajifunza.

Jibu langu ni lile lile. Kwa hiyo chekeni, mmalize. Halafu mmoja wenu, aliyezaliwa Amu na kukulia Amu kama mimi, anisaidie jambo moja: nikitoka kwa mlango ule kesho, forodhani ni mkono wa kulia au wa kushoto?

Mbona mmenyamaza?