Kwa Mujibu wa Daktari Emerensiana

Nazari Ndunguru alimkuta Mzee Urbani nyuma ya duka lake pale Mbinga mjini, ameziba pua kwa leso. Mbele yake yalikuwa magunia ya usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, ulionyeshewa mvua njiani kutoka Lundo mpaka ukaharibika. Mtu mwingine angempa pole akapita. Nazari alivuta kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama umekuja kukopa, leo sina hata salamu."

"Nimekuja kukupa. Huu si uozo, mzee. Hiki ni chakula cha kuku. Kinachokosekana ni taarifa kwa vyombo vya habari tu."

Ieleweke kwamba Nazari alikuwa mtu wa elimu. Aliwahi kufagia chumba cha habari huko Songea kwa miezi saba, na chini ya ufagio ule aligundua siri kubwa: uongo ukiandikwa mtupu, watu wanacheka; ukiutangulizia "kwa mujibu wa", wanaukata gazetini na kuuhifadhi.

Walielewana haraka. Usipa ulianikwa, ukasagwa, ukatiwa kwenye mifuko iliyoandikwa Taga Chap, yenye picha ya jogoo kwa kuwa ya tetea haikupatikana. Ujira wa Nazari ungekuwa pikipiki nyekundu ya Mzee Urbani, akabidhiwe siku ya uzinduzi.

Akaketi, akaandika: "Kwa mujibu wa Daktari Emerensiana Mbele, mtafiti wa lishe ya ndege wafugwao aliyeko Tingi, kuku waliokula Taga Chap walitaga mara mbili kwa siku."

"Huyu daktari unamfahamu?" aliuliza Mzee Urbani.

"Nimemzaa mwenyewe, dakika tano zilizopita."

"Na watu wakimtafuta?"

"Mzee, umewahi kusoma habari ukapanda gari kwenda kumtafuta aliyeisema?"

Mzee Urbani alifikiri kwa uaminifu. Hakuwahi.

Redio ya mjini iliisoma taarifa hiyo mara baada ya matangazo ya vifo. Kesho yake Nazari akapeleka ya pili: "Kama ilivyoripotiwa na redio..." Redio ikaisoma kwa furaha, maana imetajwa. Ya tatu ilizitaja mbili za kwanza. Kufikia Ijumaa zilikuwa tano, zote zikishuhudiana, na zote zimetoka kwenye meza moja yenye mguu mbovu. Wakulima wa kahawa wa Litembo, watu makini ambao hawanunui jembe bila kuligonga, wakaanza kuulizia Taga Chap kwa jina.

Jumamosi asubuhi watu walijaa mbele ya duka. Nazari alikuwa ameshika kipaza sauti, ndiyo kwanza anasema "Kwa mujibu wa," alipoteremka mama mmoja kwenye bodaboda: kitenge cha kanisani, miwani, faili kwapani.

"Samahani kwa kuchelewa," alisema. "Mimi ndiye Daktari Emerensiana."

Watu wakapiga makofi. Mzee Urbani alipiga zaidi ya wote, kisha akamgeukia Nazari. "Kumbe yupo! Ulikuwa unanitania!"

Nazari alimsogelea yule mama akitabasamu kwa meno yote. "Mama, wewe ni nani?" alinong'ona.

"Naitwa Edina, nauza mayai Mbamba Bay. Nimezisikia taarifa zako redioni wiki nzima, na Tingi ni jirani zetu, hakuna daktari huyo," alijibu, naye akitabasamu. "Unataka nikuache uwaambie hawa kwamba daktari hayupo?"

Nazari aliwatazama wakulima. Wengine walikuwa na fimbo.

"Karibu sana, Daktari," alisema kwenye kipaza sauti.

Edina akahutubia. Utafiti wake, alisema, umebakiza hatua moja ndogo: Taga Chap ilishwe kwanza kwa kuku wa Mzee Urbani mwenyewe, wiki mbili. Kabla ya hapo asinunue mtu. Wakulima wakaafiki. Mzee Urbani alitaka kubisha. Atambishia vipi daktari wake?

"Na nitahitaji usafiri," aliongeza Edina, "nipeleke sampuli maabara."

Mzee Urbani akampa ufunguo wa pikipiki mbele ya umati.

"Mzee, hiyo ni yangu!" Nazari alipiga kelele.

"Wewe ulikuwa unamnukuu tu," alisema Mzee Urbani. "Mwenyewe si huyu hapa?"

Edina akavaa helmeti, akafunga mfuko mmoja nyuma, akashika barabara ya ziwani. Wiki mbili zikapita. Kuku wa Mzee Urbani waliacha kutaga kabisa. Daktari hakurudi, wala pikipiki.

Kwa uchungu wa kweli Nazari akaandika taarifa pekee ya ukweli maishani mwake, kwamba Daktari Emerensiana hayupo, akaipeleka redioni. Mtangazaji, dada mmoja aitwaye Glorious, aliisoma mara mbili.

"Nani anasema hayupo?"

"Mimi."

"Chanzo kingine?"

"Dada, mimi ndiye niliyemtunga!"

"Sisi tumemripoti mara tano, na umati mzima umemwona," alisema Glorious akimrudishia karatasi. "Wewe uko peke yako, kaka. Nenda kamtafute Daktari athibitishe kwamba hayupo, ndipo tusome."